Kolesteroli ya Ubongo Haitoki Sahanini

Nenda sokoni Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, asubuhi ya mwezi wa saba, upepo wa ziwa ungali na baridi, utazame chupa za mawese zilizopangwa mezani. Juu, mafuta ni mekundu na yanatiririka. Chini limejitenga tabaka zito la rangi ya chungwa lililofifia, na chupa ukiiinamisha tabaka hilo halisogei. Mafuta ni yaleyale, ya mchikichi mmoja, yamekamuliwa siku moja. Mbona sehemu imeganda na sehemu haikuganda?

Tukilijibu swali hilo vizuri, tutakuwa tumepiga hatua ya kwanza kuelekea swali lingine, zito zaidi, ambalo watu wengi huuliza wakitoka kupimwa damu: je, kolesteroli inaharibu ubongo? Mtu anaambiwa kolesteroli yake imepanda, anaacha mayai, kisha anaanza kuogopa kwamba kila jina analolisahau ni mafuta yaliyomjaa kichwani. Hofu hiyo imechanganya mambo mawili ambayo mwili wenyewe umeyatenga. Tuyafuate polepole, tukianzia kwenye chupa.

Mikia iliyonyooka na mikia iliyopinda

Mafuta ya kupikia yameundwa na molekuli zenye mikia mirefu ya kaboni. Katika mawese, asilimia 44 hivi ya mikia hiyo ni asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16 zilizonyooka. Asilimia 40 hivi ni asidi ya oleiki, yenye kaboni 18, nayo imepinda katikati. Mikia iliyonyooka hulala bega kwa bega bila kuacha nafasi, ikashikana, na baridi ikishuka kidogo inaganda. Iliyopinda haiwezi kubanana hivyo. Huacha mianya, na mianya hiyo ndiyo inayoyawezesha mafuta kutiririka. Hiyo ndiyo siri ya chupa ya sokoni: kilichozama chini kina mikia mingi iliyonyooka, kilichobaki juu kina mingi iliyopinda.

Sasa tuingie ndani ya mwili. Kila seli imezungukwa na maji, na ndani yake kuna maji. Ukuta unaotenganisha maji ya ndani na ya nje hauwezi kujengwa kwa kitu kinachoyeyuka majini. Lazima uwe wa mafuta. Mwili hutumia mafuta ya aina ya pekee, yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukiyaweka majini, yanajipanga yenyewe safu mbili: vichwa vinaelekea maji ya kila upande, mikia inafichana katikati. Huo ndio utando wa seli, na unene wake haufiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya milimita.

Lakini utando huu unapambana na taabu ileile ya chupa ya mawese. Ukijazwa mikia iliyonyooka tu, utakuwa mgumu na hakuna kitakachosogea ndani yake. Ukijazwa iliyopinda tu, utalegea na kuvuja. Wanyama wote, kuanzia ndagala wa Tanganyika hadi binadamu, wametatua tatizo hilo kwa njia moja. Wameingiza kati ya mikia molekuli fupi, bapa na ngumu, yenye pete nne za kaboni zilizoungana: kaboni 27, hidrojeni 46 na oksijeni moja tu. Hiyo ndiyo kolesteroli. Ikikaa karibu na mikia iliyopinda, inaituliza na kuziba mianya. Ikikaa karibu na iliyonyooka, inaizuia isibanane ikaganda. Utando unabaki laini na imara kwa wakati mmoja.

Mimea hutumia molekuli za jamaa yake, si kolesteroli yenyewe. Kwa hiyo mawese, kama mafuta yoyote ya mmea, hayana kolesteroli ya kuhesabika. Tulishike hilo. Tutalihitaji mwishoni, maana halimaanishi kile ambacho wengi hudhani.

Kwa nini ubongo una nyingi hivyo

Ubongo wa mtu mzima una kilo 1.4 hivi, yaani asilimia 2 ya uzito wa mwili. Hata hivyo, kati ya kolesteroli yote ya mwili, ubongo una asilimia 20 hadi 25. Hakuna kiungo kinachoukaribia. Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1834 mkemia Mfaransa Couerbe alikwisha kuonyesha kwamba kolesteroli ni sehemu ya kawaida ya ubongo.

Sababu ya kwanza ni mwendo. Seli ya neva hupeleka habari kwa umeme kupitia uzi mwembamba. Uzi ulio wazi hupitisha habari kwa mita moja au mbili kwa sekunde, kasi ya mtu anayetembea. Uzi uliofungwa kwa tabaka nyingi za mafuta, ziitwazo mayelini, hupitisha habari hata zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Mayelini ni utando wa seli nyingine uliojiviringisha kuuzunguka uzi huo tena na tena, nao umejaa kolesteroli. Zaidi ya theluthi mbili ya kolesteroli ya ubongo iko humo.

Sababu ya pili ni maungio. Kukumbuka ni kazi ya mahali ambapo seli moja ya neva inakutana na nyingine, yaani sinapsi. Mwaka 2001 kundi la Frank Pfrieger lilichapisha jaribio lililoeleza jambo hili vizuri. Neva za panya zilizooteshwa peke yake katika chombo cha maabara zilijenga sinapsi chache. Zilipowekwa pamoja na seli wasaidizi za ubongo, ziitwazo glia, sinapsi ziliongezeka sana. Watafiti wakatafuta ni kitu gani glia ilikuwa inawapa majirani zake. Kumbe ilikuwa kolesteroli.

Sababu ya tatu inaonekana pale inapokosekana. Kuna watoto wachache wanaozaliwa na kasoro ya jeni inayowazuia kumalizia hatua ya mwisho ya kutengeneza kolesteroli. Hali hiyo huitwa sindromu ya Smith-Lemli-Opitz. Ubongo wao haukui ipasavyo tangu tumboni. Kwa hiyo anayesema kolesteroli ni sumu ya ubongo amekosea. Bila kolesteroli, ubongo hauwi ubongo.

Mpaka usiovukwa

Hapa ndipo jambo kuu lilipo. Kolesteroli ya ubongo inatoka wapi? Si katika yai, si katika nyama ya mbuzi, wala si katika damu.

Mishipa midogo ya damu inayopita ubongoni imejengwa tofauti na ile ya mkono au ya tumbo. Seli za kuta zake zimeshonana kiasi kwamba vitu vingi vya damuni havipiti. Kolesteroli inayozunguka katika damu haivuki mpaka huo. Ubongo unajitengenezea yake wenyewe, kutokana na malighafi ndogondogo zilezile zinazotumiwa na ini. Wakati mtoto anakua, seli zinazojenga mayelini ndizo zinazofanya kazi kubwa. Kwa mtu mzima, kazi hiyo huangukia zaidi glia zenye umbo la nyota, ziitwazo astrosaiti.

Kolesteroli za pande hizo mbili zina hata umri tofauti. Ile ya damuni hubadilishwa kwa siku chache. Ile ya ubongoni hukaa miaka. Wanasayansi hukadiria kwamba nusu yake hubadilishwa kwa muda wa miaka mitano hivi. Kwa hiyo kipimo cha kolesteroli unachopewa hospitalini kinakueleza habari za damu na mishipa yako. Hakikuelezi ubongo una kiasi gani, na hilo daktari hawezi kulisoma katika karatasi ile.

Mzigo wa mafuta unavyosafiri majini

Astrosaiti ikishatengeneza kolesteroli, lazima iipeleke kwa neva. Katikati kuna maji, na kolesteroli haiyeyuki majini. Mtu wa Kalemie ataelewa haraka: chumvi na sukari kutoka Kigoma hazivuki ziwa zikiwa zimemwagwa majini, zinavuka ndani ya boti. Mwilini pia kuna vyombo. Ni vifurushi vidogo vya mviringo, nje vina ngozi inayokubaliana na maji, ndani vimebeba mafuta. Juu ya kila kifurushi kumekaa protini inayokijenga na kukitambulisha kwa seli inayopokea. Ubongoni, protini kuu ya kazi hiyo inaitwa apolipoprotini E, kwa kifupi APOE.

Ziada nayo ina njia ya kutokea. Kimeng'enya cha ndani ya neva, kiitwacho CYP46A1, huongeza oksijeni moja juu ya kolesteroli. Badiliko hilo dogo hutosha kuifanya molekuli ipenye mpaka na kuingia damuni, ambako ini huichukua na kuimaliza. Ubongo wa mtu mzima hutoa miligramu 6 au 7 kwa siku kwa njia hii. Efavirenzi, dawa ambayo kwa miaka mingi ilitumika Kongo na kwingineko Afrika dhidi ya virusi vya UKIMWI, huamsha kimeng'enya hicho ikitumiwa kwa dozi ndogo. Kwa sababu hiyo watafiti wa Marekani wameanza kuipima kwa wagonjwa wachache wa Alzheimer. Bado ni utafiti wa mwanzo. Haijawa tiba, na hakuna anayepaswa kuinywa kwa ajili ya kusahau.

Sasa tuna picha kamili: ubongo unatengeneza kolesteroli yake, unaisafirisha kwa APOE, unaitumia, unaitoa ziada. Ugonjwa unaweza kuingia katika hatua yoyote kati ya hizo.

Alichokiona Alzheimer

Mwezi wa kumi na moja mwaka 1906, mjini Tübingen, daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mgonjwa wake, Auguste Deter, mwanamke aliyepoteza kumbukumbu akiwa na umri wa miaka hamsini tu na kufariki mwaka huohuo. Chini ya hadubini, ubongo wake ulikuwa na madoa ya kitu kigumu nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya neva. Leo tunajua madoa ni protini iitwayo beta-amiloidi, na nyuzi ni protini iitwayo tau. Alzheimer aliona pia kitu cha tatu: matone ya mafuta yaliyorundikana ndani ya glia. Madoa na nyuzi vikapata umaarufu. Matone ya mafuta yakakaa pembeni karibu miaka tisini.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, wakiwemo Allen Roses na Warren Strittmatter, waliyarudisha mezani bila kutarajia. Walikuwa wanatafuta jeni ya Alzheimer ya uzeeni, na wakaikuta kwenye jeni ya APOE, yaani ya mbebaji wa mafuta. Jeni hii ina aina tatu: E2, E3 na E4. Protini yake ina viungo 299 vilivyofuatana kama mstari. E4 inatofautiana na E3 katika kiungo kimoja tu, cha 112. Badiliko hilo moja hubadili umbo la protini na namna inavyoshika mafuta. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya E4 huongeza hatari ya Alzheimer mara tatu hivi, na nakala mbili huiongeza mara kumi au zaidi. E2 huipunguza.

Badiliko la kiungo kimoja linafanyaje madhara makubwa hivyo? Vifurushi vya E4 hubeba mafuta kidogo kuliko vya E3. Mwaka 2022 kundi la Li-Huei Tsai wa taasisi ya MIT lilionyesha kwamba kwa wenye E4, seli zinazojenga mayelini huwa na kolesteroli iliyokwama ndani mahali isipotakiwa, huku mayelini yenyewe ikipungua. Kwa maneno mengine, kolesteroli ipo lakini haifiki panapotakiwa.

Ushahidi mwingine unatoka kwa watoto wenye ugonjwa wa Niemann-Pick aina ya C. Kwao kolesteroli hukwama ndani ya vyumba vidogo vya seli na haitoki. Watoto hawa hupoteza uwezo wa akili mapema, na katika neva zao hupatikana nyuzi za tau zinazofanana na zile za wazee wenye Alzheimer. Hakuna anayedhani waliupata kwa kula vibaya. Usafirishaji umeharibika, basi neva zikaharibika.

Hata beta-amiloidi ina uhusiano na jambo hili. Hutokana na protini kubwa iliyochomekwa katika utando wa neva, ambayo vimeng'enya huikata. Sehemu za utando zenye kolesteroli nyingi hurahisisha mkato unaotoa kipande kibaya. Kolesteroli ikizidi mahali pasipo pake, madoa hupata nafasi.

Afrika inaongeza swali lake

Mpaka hapa mtu angedhani jeni imeamua kila kitu. Afrika imeonyesha kwamba sivyo. Kuanzia mwaka 1992, timu ya Ibadan nchini Nigeria na Indianapolis nchini Marekani, wakiwemo Adesola Ogunniyi, Hugh Hendrie na Kathleen Hall, waliwafuatilia wazee wa Kiyoruba pamoja na Wamarekani Weusi kwa vipimo vilevile. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba kila mwaka asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walipata Alzheimer, ilhali Indianapolis walikuwa asilimia 2.52. E4 ilikuwepo kwa wingi Ibadan, lakini haikuonyesha nguvu iliyokuwa nayo Ulaya na Marekani. Mwaka 2006 timu hiyohiyo ikatoa jambo linalogusa somo letu moja kwa moja. Kati ya Wayoruba wasio na E4, kolesteroli ya damu ilipopanda, hatari ya Alzheimer ilipanda nayo. Kwa wenye E4 uhusiano huo haukuonekana.

Karibu nasi zaidi, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba wazee 6 hivi kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kupotewa na akili. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri. Nchini Kongo, Jean Ikanga na wenzake wa Kinshasa na wa Chuo Kikuu cha Emory wamewapima wazee wa Kinshasa na kutafuta katika damu yao alama za protini za Alzheimer. Kazi kama hiyo inastahili kufika Kalemie, Lubumbashi na Bukavu, maana maelezo ya ugonjwa wetu hayawezi kutoka katika damu za watu wa mbali tu.

Mlango wa mishipa

Basi kama kolesteroli ya damu haivuki mpaka, iliwezaje kuongeza hatari Ibadan? Kuna jibu ambalo ushahidi mwingi unaliunga mkono: inapitia kwenye mishipa. Kifurushi kiitwacho LDL kikizidi damuni kwa miaka mingi, kolesteroli hujiingiza kwenye kuta za mishipa na kuzinenepesha. Ubongo hutumia moja ya tano ya oksijeni yote ya mwili. Mishipa inayoulisha ikianza kuziba, neva hupata njaa, sehemu ndogondogo hufa, na hata ule mpaka uliofungwa vizuri huanza kulegea. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliyaorodhesha mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kupotewa na akili duniani, ambayo kwa pamoja yanahusika na karibu asilimia 45 ya visa. LDL kubwa katika umri wa kati iliingizwa kwa mara ya kwanza. Tuzingatie maneno hayo: umri wa kati. Majaribio makubwa ya dawa za statini, zinazoshusha LDL damuni, kwa watu waliokwisha kuzeeka hayakuonyesha kwamba zinalinda kumbukumbu, ingawa zinalinda moyo na kuzuia kiharusi. Mishipa hutunzwa mtu akiwa na miaka arobaini, si akiwa na themanini.

Na mawese je? Hayana kolesteroli, tumeshaona. Lakini mikia yake iliyonyooka hufanya ini lipunguze kasi ya kuondoa LDL katika damu, kwa hiyo mawese mengi huipandisha LDL kuliko mafuta yanayobaki kimiminika. Wala yai halipandishi kolesteroli ya damu kwa kadiri watu wanavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe. Sombe kwa mawese ya kiasi na ndagala pembeni si adui wa mtu. Mawese mekundu huuwezesha mwili kupata vitamini A ambayo watoto wanaihitaji. Tatizo ni chakula kinachoelea katika mafuta kila siku, pamoja na sigara, kukaa bila kutembea na presha isiyopimwa.

Presha, hasa, tuizungumze kwa sauti. Katika Kalemie si kila mtu atapata kipimo cha LDL, lakini mashine ya presha ipo katika vituo vingi vya afya. Presha isiyotibiwa katika umri wa kati imo katika orodha ile ya Lancet. Vimo pia ugonjwa wa sukari, pombe nyingi, moshi, upweke, masikio na macho yasiyotibiwa, na shule iliyokatizwa mapema. Mzazi anayempeleka binti yake shule anaulinda ubongo wake wa miaka sitini ijayo.

Liko jambo moja zaidi. Mzee anayepotea njia ya nyumbani, anayemwita mjukuu kwa jina la marehemu, anayeongea peke yake usiku, si mchawi. Mashariki ya Kongo wazee, hasa mama wajane, wamefukuzwa, wamepigwa na hata kuuawa kwa shutuma hizo. Kinachotokea kichwani mwao tumekieleza hapa hatua kwa hatua, na katika hatua zote hapana mahali palipohitaji uchawi. Apelekwe hospitalini, kwa sababu baadhi ya magonjwa yanayofanana na hayo yanatibika: huzuni kubwa, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi, kaswende, malale. Na kama ni Alzheimer kweli, dawa ya kuponya haipo bado, lakini kumlisha, kumlinda na kumheshimu ni tiba inayowezekana leo, katika kila nyumba.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama kolesteroli inaharibu ubongo, mwulize kwanza: ipi, wapi, na katika umri gani? Ile ambayo ubongo umejitengenezea ndiyo iliyojenga kumbukumbu zako, na madhara yake huanza inapokwama njiani. Ile ya damuni haiingii ubongoni, lakini ikizidi miaka nenda miaka rudi inaharibu mishipa inayoulisha. Hiyo ya pili unaweza kufanya jambo juu yake, na wakati wa kulifanya ni sasa, kabla hujasahau chochote.